Kunguni wa Nyumba ya Kupanga: Jibu Huandikwa Siku ya Kupokea Ufunguo

Katika nyumba za kupanga za Bujumbura, kuanzia vyumba vya uani vya Buyenzi na Bwiza hadi aneksi za Kinindo na Gihosha, kunguni wakionekana huzuka ugomvi ule ule. Mpangaji anasema amewakuta ukutani. Mwenye nyumba anasema wameingia na godoro la mpangaji. Jirani wa chumba cha pili ananyamaza, kwa sababu naye anao na hataki ijulikane. Siku zinapita, kila mmoja akingoja mwenzake akubali kosa, na wadudu wanaendelea kuzaana. Sasa limeongezeka swali jingine, hasa kwa wapangaji wanaosikia habari za bima ya nyumba: nikikata bima, kampuni itanilipia dawa na godoro jipya? Hoja yangu ni kwamba bima haitalipa, na kwamba swali la nani aliwaleta kunguni mara nyingi halina jibu. Yanayoweza kujibiwa, na yanayotosha kugawa gharama kwa haki, ni mambo mawili: nyumba ilikuwa katika hali gani siku ya kukabidhiwa, na nani aliarifiwa tarehe gani. Yote mawili hujibiwa kwa karatasi, na karatasi ya kwanza huandikwa kabla kunguni hajaonekana.

Nianze na bima, kwa kuwa ndiyo inayowapa watu matumaini yasiyo na msingi. Burundi haina upungufu wa kampuni za bima. SOCABU ipo tangu 1977 na nyingine zimefuata, na kuna Kanuni ya Bima iliyowekwa kwa sheria ya Januari 2014 na kupitiwa upya mwaka 2020, pamoja na ARCA, wakala wa serikali unaosimamia kampuni hizo. Kikwazo kiko katika namna bima yenyewe inavyofanya kazi. Bima hulipia jambo la ghafla ambalo hakuna aliyelitarajia: moto, bomba kupasuka, mwizi kuvunja mlango. Soko Kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, moto ulianza asubuhi ya Jumapili na hasara ikatokea kwa muda mfupi. Janga la namna hiyo lina siku yake na chanzo kinachochunguzwa, na kampuni ya bima inaweza kulipima. Kunguni hawana siku. Huingia bila kuonekana, huongezeka kidogo kidogo, na wanapogundulika huwa wamekaa wiki au miezi. Kwa macho ya bima hilo ni suala la matunzo ya nyumba, pamoja na mchwa, kutu na mbao zinazooza, na matunzo hayalipiwi bima.

Wenzetu walio na bima nyingi kuliko sisi wamekwisha kulijua hilo kwa gharama. Nchini Marekani mkataba wa kawaida wa bima ya mpangaji hutaja majanga yanayolipiwa moja baada ya jingine, na kunguni hawamo. Ufaransa sheria humlazimisha mpangaji wa nyumba kuwa na bima, lakini mikataba ya kawaida huwaacha kunguni nje. ANSES, taasisi ya serikali ya Ufaransa inayoshughulikia usalama wa afya, ilichapisha ripoti Julai 2023 ikionyesha kwamba zaidi ya kaya moja kati ya kumi, yaani asilimia 11, ilipatwa na kunguni kati ya 2017 na 2022, na kwamba kila kaya iliyowapiga vita ilitumia wastani wa euro 866. Ikiwa katika nchi ambako karibu kila mpangaji ana bima watu walilipa kiasi hicho, mpangaji wa Nyakabiga, hapa Bujumbura, asiweke tumaini lake kwenye hati ya bima asiyoisoma. Anayetaka uhakika aende kwa wakala na swali lililoandikwa: je, mkataba huu unalipia kazi ya kuua wadudu na vitu vilivyotupwa kwa sababu yao? Adai jibu la maandishi, kisha asome ukurasa unaoorodhesha yasiyolipiwa. Ukurasa huo ndio wa kusoma kwanza.

Simaanishi kwamba mpangaji asikate bima. Katika mapokeo ya sheria tuliyorithi kwa Wabelgiji, nyumba ikiungua mpangaji ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba moto haukutokana na yeye, na huo ni mzigo unaoweza kumfilisi mtu. Kukata bima kwa ajili ya hilo ni busara. Na hapo kunguni wanarudi kwa mlango mwingine: kuna watu humwaga mafuta ya taa au petroli kwenye vitanda na nyufa ili kuwaua, kisha huwasha mshumaa usiku umeme wa REGIDESO unapokatika. Kitanda kinawaka, nyumba inafuata, na mpangaji aliyekuwa akigombana juu ya bei ya dawa anajikuta anadaiwa nyumba nzima.

Tuje kwenye swali la nani aliwaleta. Watu hulijibu kwa hasira, wakati mdudu mwenyewe anaeleza kwa nini halijibiki. Jike mmoja hutaga mayai kadhaa kwa siku na kufikia mia mbili au zaidi maishani mwake. Katika joto kama la Bujumbura mayai huanguliwa baada ya wiki moja hadi siku kumi hivi, na kinda hujivua ngozi mara tano, kila mara akihitaji kunywa damu kwanza, hadi akue baada ya mwezi mmoja na nusu hivi. Aliyekomaa huweza kukaa wiki nyingi bila chakula, na penye ubaridi hata miezi kadhaa. Kwa hiyo mwenye nyumba anayesema nyumba ilikaa tupu miezi miwili, haiwezi kuwa na kunguni, hajathibitisha kitu. Upande wa pili, si kila mwili hutoa vipele. Wako wanaoumwa kila usiku bila alama yoyote, na wako ambao alama zao hutokea siku kadhaa baadaye. Mpangaji anayesema ameumwa baada ya mwezi, basi kunguni ni wapya, naye hajathibitisha kitu.

Hata hivyo kuna muda mfupi ambao ukuta wenyewe hutoa ushahidi. Mtu akihamia leo, na kabla ya wiki mbili kwisha akakuta kwenye fremu ya mlango au kwenye ufa wa dari maganda ya ngozi ya kila umri, mayai makavu yaliyokwisha kuanguliwa na madoa meusi yaliyofunikwa na rangi, hao si wageni wa godoro lake. Hawawezi kupitia hatua zote hizo kwa siku kumi na nne. Kinyume chake, wakionekana wachache tu kwenye mshono wa godoro moja, kuta zikiwa safi na majirani hawana, uwezekano mkubwa ni kwamba wameingia na vitu vya mpangaji au wageni wake, na pengine na begi lililotoka safari au kitanda kilichonunuliwa kimetumika. Baada ya miezi mitano tofauti hii hufutika. Wametapakaa kote, na hakuna fundi wala hakimu atakayesema kwa uhakika walikotokea. Ndiyo maana nasema ugomvi huu ni wa ushahidi kuliko wa hatia, na ushahidi wake huharibika haraka.

Sheria yetu ya mikataba ina mizizi katika dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotungwa kwa ajili ya Kongo ya Mfalme Leopold na baadaye ikatumika Ruanda-Urundi, nayo ilichota kutoka Kanuni ya Kiraia ya Ufaransa ya 1804. Katika mapokeo hayo mwenye nyumba ana wajibu wa kukabidhi nyumba, kuitunza ifae kwa kazi iliyopangishiwa, na kumwacha mpangaji akae kwa utulivu. Mpangaji naye hutakiwa kuitumia kwa uangalifu, kulipa kodi kwa wakati, na kuirudisha kama alivyoipokea. Kunguni hawakutajwa, lakini nyumba ambayo mtu hawezi kulala ndani yake haifai kwa makazi, na hilo halihitaji kifungu kipya. Ugumu uko katika maneno yale ya kurudisha kama alivyoipokea. Kanuni ya 1804 ilisema pasipo hati ya hali ya nyumba, mpangaji huhesabiwa kuwa aliipokea nzima. Ubelgiji iligeuza kanuni hiyo mwaka 1983: sasa huko pasipo hati, mwenye nyumba ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Nchi mbili jirani, maandishi ya asili moja, na matokeo yanayopingana, kwa sababu ya karatasi moja iliyokosekana. Mali bila daftari hupotea bila habari, na garanti ya miezi mitatu, yaani amana anayoweka mpangaji, ni mali.

Baadhi ya nchi zimeamua kutowaachia watu wagombane. Ufaransa, kwa sheria ya Novemba 2018, iliongeza katika maana ya makazi yenye staha kwamba yasiwe na wadudu waharibifu wala vimelea, hivyo mwenye nyumba anabeba mzigo wa kwanza. Katika jiji la New York, tangu 2010, mwenye nyumba hutakiwa kumweleza mpangaji mpya kwa maandishi kama jengo lilikuwa na kunguni mwaka uliotangulia. Naipenda zaidi hii ya New York kwa hali yetu, kwa kuwa haihitaji mkaguzi wala faini kubwa ili ifanye kazi kati ya watu wawili. Inahitaji swali na jibu lenye sahihi. Mpangaji wa Bujumbura anaweza kuliuliza leo bila kungoja bunge.

Mwenye nyumba atasema: wapangaji huja na magodoro ya kila aina na nguo za caguwa (mitumba), kwa nini nilipie uchafu wa watu? Kwanza, kunguni hafuati uchafu. Anafuata damu na mahali pa kujificha, na hoteli nzuri humpata kama chumba cha uani. Pili, na hili ndilo muhimu, gharama inaweza kugawanywa kwa kufuata kitu kinachoonekana badala ya kufuata lawama. Ukuta, dari, sakafu na fremu ni vya mwenye nyumba. Godoro, kitanda na nguo ni vya mpangaji. Nyufa zinazibwa na kuta zinapulizwa dawa kwa gharama ya mwenye ukuta. Nguo zinachemshwa na kitanda kinafunguliwa kwa jasho la mwenye kitanda. Mgawanyo huu haumzawadii mpangaji mzembe, maana kazi kubwa ya kuchosha bado ni yake, na haumwachi mwenye nyumba akae na jengo lenye mashimo ambalo kila mpangaji mpya atalirithi na kulikimbia.

Mpangaji naye ana pingamizi lake, na ni zito zaidi: nyumba za bei nafuu ni chache, komisioneri (dalali) ana watu watatu nyuma yangu, nikianza kudai karatasi nitaambiwa nipishe wengine. Ni kweli. Ndiyo maana dai lenyewe lazima liwe dogo na lisilomfedhehesha mtu. Mwenye nyumba anayekataa kuandika kwamba atatunza nyumba yake milele ana haki ya kusita. Anayekataa kuandika kwamba leo hakuna kunguni anajua jambo ambalo wewe hujui. Sentensi chache zinatosha, hata kama zinamlegezea mwenye nyumba kidogo baada ya mwezi wa kwanza, ziandikwe mwishoni mwa mkataba kwa Kirundi, Kifaransa au Kiswahili, mradi pande zote zinaelewa: “Leo, tarehe fulani, tumekagua vyumba pamoja na hatukuona kunguni wala dalili zao. Wakionekana ndani ya siku 30, mwenye nyumba atalipia dawa ya kuta za vyumba vyote vilivyoathirika. Baada ya hapo gharama ya dawa itagawanywa nusu kwa nusu, isipokuwa chumba jirani kikiwa nao, ambapo mwenye nyumba atalipia jengo zima. Mpangaji ataarifu kwa maandishi ndani ya siku tatu tangu awaone.” Siku thelathini sikuzichagua kwa bahati. Ni muda ambao mdudu aliyeingia na godoro hajapata nafasi ya kujaza nyumba vizazi viwili, kwa hiyo alama za ukutani bado zinasema kweli.

Wako watakaoona haya yote ni kelele juu ya mdudu asiyeua. Burundi inajua mdudu anayeua: mwaka 1997, katika kambi za waliokimbia vita vilivyoanza Oktoba 1993, chawa wa mwilini walieneza homa ya tifasi na kesi zilizoshukiwa zikapita 45,000. Kunguni si chawa, na mpaka leo haijathibitishwa kwamba huwaambukiza watu maradhi katika maisha ya kawaida, ingawa watafiti walikuta chembe za bakteria wa homa ya mahandaki katika kunguni wa gereza moja la Bugesera, Rwanda, na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Basi tusitishane kwa magonjwa. Lakini mtoto asiyelala hasomi, mzazi asiyelala hafanyi kazi sawasawa, na familia inayoona aibu huacha kukaribisha wageni. Na kwa kuwa hawaui, hakuna ofisi inayokuja kuwaondoa. Mpangaji na mwenye nyumba wasipoelewana, hakuna wa tatu.

Wakishaelewana, waepuke kosa la dawa, ambalo hula pesa nyingi bila matunda. Dawa nyingi za dukani ni za jamii ya pairethroidi, ile ile inayotiwa kwenye vyandarua vya mbu. Katika vijiji vya mkoa wa Tanga, Tanzania, vyandarua hivyo mwanzoni viliwafuta kunguni hata watu wakavipenda kwa sababu hiyo kuliko kwa malaria. Baada ya miaka kadhaa kunguni walirudi, na watafiti walionyesha mwaka 2002 kwamba walikuwa wamekuwa sugu. Burundi nayo imegawa vyandarua vya dawa kwa kampeni za kitaifa, kwa hiyo mtu asishangae akipuliza kopo zima na asubuhi akawakuta wakitembea. Kuongeza dozi, au kuchanganya dawa ya shambani na kuipuliza chumba cha kulala, hudhuru watoto kabla ya kudhuru kunguni. Usugu haushindi joto. Kunguni na mayai yao hufa joto likipita nyuzi 50 na kudumu, kwa hiyo maji yanayochemka yakimwagwa kwenye chaga na maungio ya kitanda, nguo zikichemshwa, na pasi ya moto ikipitishwa polepole kwenye mishono ya godoro, kazi kubwa imefanyika kwa makaa na uvumilivu. Halafu nyufa zizibwe kwa plasta, kitanda kivutwe mbali na ukuta, na fundi apulize dawa vyumba vyote vinavyopakana siku moja. Arudi tena baada ya siku kumi hadi kumi na nne, kwa sababu dawa nyingi haziui mayai. Malipo ya fundi yagawanywe awamu mbili, ya pili ilipwe baada ya ziara ya pili. Anayelipwa yote siku ya kwanza mara nyingi harudi. Penye vyumba vinane uani, chumba kimoja kikikataa kufunguliwa, vingine saba vimetupa pesa. Ndiyo sababu wapangaji wa uani wangefanya vyema kuwa na tontini ndogo, yaani mfuko wa michango, kwa ajili hii tu, ili asiye na fedha siku hiyo asiwe kisingizio.

Mwenye nyumba akikaa kimya baada ya kuarifiwa, usiache kulipa kodi. Ni jambo la kwanza linalokuja akilini na ndilo linalompa nafasi ya kukutoa, kwa maana sasa aliyevunja mkataba ni wewe. Lipa, dai risiti, na tuma barua ya pili yenye tarehe, pamoja na picha za ukuta na za wadudu zilizopigwa kwa simu siku ulipowaona. Nakala mpelekee mkuu wa nyumba kumi au wa mtaa, kisha Bashingantahe (wazee wapatanishi) wa mtaa, ambao kwa jambo la namna hii hufaa kuliko korti, kwa kuwa wanaweza kuja na kuona ukuta kwa macho yao. Korti iwe hatua ya mwisho, na hata huko utaulizwa yale yale: mliandika nini mlipoingia, na ulimwarifu lini? Siku ya kuhama fanyeni ukaguzi mwingine wa pamoja, maana mpangaji anayetoka bila hati anaweza kukatwa garanti kwa kunguni wa mpangaji atakayemfuata.

Msomaji unayetafuta nyumba wiki hii, kabla ya kuhesabu garanti mbele ya komisioneri, ingia chumbani mchana ukiwa na tochi ya simu, angalia maungio ya fremu, pembe za dari na nyuma ya swichi, waulize wapangaji wa vyumba vya jirani jinsi wanavyolala, kisha omba sentensi zile ziandikwe na zitiwe sahihi. Na wewe mwenye nyumba, zitie.